Kufuli Lililovuja: Kwa Nini Watu Waliambiwa Wabadilishe Maneno ya Siri



Mada hii niliizungumza mbele ya vijana wenzangu baada ya tarawehe, na nimeombwa niiandike ili waliokuwa nyumbani nao waipate. Nimeiandika vile vile nilivyoisema, nimepunguza mzaha tu. Inahusu maneno ya siri, hizi paswadi tunazoandika kila siku kwenye simu na kompyuta. Najua kuna wanaotaka kuruka ukurasa huu wakatafute mapishi ya katlesi. Ngojeni kidogo, katlesi hazikimbii.

Tarehe 7 Aprili 2014 ulimwengu ulitangaziwa kasoro moja iliyopewa jina la Heartbleed, yaani moyo unaovuja damu. Wengi wetu wakati ule tulikuwa shule ya msingi. Lakini muulize kaka yako au dada yako mkubwa aliyekuwa na baruapepe ya Yahoo. Yahoo ilikuwa miongoni mwa zilizopatikana na kasoro hiyo, na ghafla kila mahali watu wakaambiwa: badilisheni maneno ya siri. Wako waliobadilisha bila kujua sababu, na wako waliosema, "Aah, mimi nina nini cha kuibiwa?" Hebu tuitazame sababu yenyewe, maana ukiielewa hutahitaji kusukumwa siku nyingine.

Anwani ya tovuti ikianza na https, maana yake mazungumzo yako na tovuti ile yamefungwa. Kwa miaka mingi palikuwa na picha ya kufuli kidogo pembeni, nasi tukafundishwa: ukiona kufuli, andika neno lako la siri bila wasiwasi. Sasa kufuli hilo hutengenezwa na programu. Programu moja iliyotumika sana, na inayotumika mpaka leo, inaitwa OpenSSL. Ni ya bure, yeyote anaweza kuichukua akaiweka kwenye seva yake. Kampuni ya Netcraft ya Uingereza ilikadiria wakati ule kwamba seva kama nusu milioni, asilimia 17 hivi ya zile zenye kufuli linaloaminika, zilikuwa na kasoro hii. Kwa hivyo kilichovuja ni kufuli lenyewe. Si mlango ulioachwa wazi na mtu mzembe.

Lilivuja vipi? Kompyuta mbili zikizungumza, kila mara moja huuliza nyingine: bado uko? Ni kama mapigo ya moyo, na ndiko lilikotoka jina. Inatuma neno dogo, inataja na urefu wa neno hilo, na mwenzake hulirudisha kama lilivyo. Basi.

Chukulia mfano huu. Kuna jirani mwaminifu mtaani, kila mtu humwekea vitu vyake. Wewe umemwekea pesa, mimi ufunguo, yule mama wa nyumba ya tatu amemwekea pete zake. Vyote viko kwenye kapu moja. Anakuja mtu anampa tende tatu, kisha anasema, "Nirudishie tende zangu mia sita." Jirani huyu hahesabu! Anatia mkono kapuni anachota mpaka mia sita zitimie: tende tatu, halafu pesa zako, ufunguo wangu, pete za yule mama. Anampa, anamuaga kwa heri. Na kesho yake mtu yule yule anarudi tena.

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Seva ilipokea neno dogo na urefu wa uongo, haikuhakikisha kama vinalingana, ikarudisha neno pamoja na chochote kilichokuwa jirani yake kwenye kumbukumbu. Kila safari moja ilitoa hadi kilobaiti 64, yaani herufi elfu 65 na ushei. Ndani yake kungeweza kuwa hakuna cha maana. Au kungekuwa na jina lako na neno lako la siri, ikiwa umeingia dakika hiyo. Kungekuwa hata na ufunguo wa siri wa tovuti yenyewe. Wako waliosema ufunguo huo hauwezi kupatikana kwa njia hii. Kampuni ya Cloudflare ikaweka seva ya majaribio ikawaalika watu wajaribu, na tarehe 11 Aprili, siku nne tu baada ya tangazo, ufunguo ukapatikana.

Kasoro yenyewe ilikuwa ukaguzi mmoja uliosahaulika. Mtaalamu mmoja Mjerumani aliandika nyongeza ile, mwenzake akaipitia naye asione, ikaingizwa siku ya mwisho ya mwaka 2011. Toleo lenye kasoro likatoka Machi 2012. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka miwili kapu liko wazi. Kisha wakaigundua watu wa pande mbili mbalimbali: Neel Mehta wa Google, na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland.

Hapa nataka kusema jambo ambalo si la paswadi hasa lakini linanikera. Baada ya tukio ilijulikana kuwa mradi wa OpenSSL, unaotumiwa na mabenki na makampuni makubwa duniani, ulikuwa unapata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka, na mfanyakazi mmoja tu wa kudumu. Kisima kinanywesha mji mzima na hakuna anayetoa hata kamba ya ndoo! Mwezi huo huo wa Aprili ndipo makampuni makubwa yalipojikusanya chini ya Linux Foundation yakaanza kuchangia. Haya, turudi.

Kilichofanya watu wote waambiwe wabadilishe, na si baadhi tu, ni kwamba uchotaji ule kwa kawaida hauachi alama kwenye kumbukumbu za seva. Mwizi wa kawaida huvunja kitasa, unaona. Huyu hakuvunja kitu. Kwa hivyo mwenye tovuti hangeweza kukuambia "wewe umeibiwa" wala "wewe hukuibiwa". Canada mamlaka ya kodi ilifunga huduma zake za mtandaoni tarehe 8 Aprili, na bado ikatangaza baadaye kuwa namba za bima ya jamii za walipa kodi 900 hivi zilichukuliwa. Aliyekamatwa alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana wa miaka 19. Umri wetu huu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi walilikosea. Wako waliobadilisha neno la siri saa ile ile waliposikia habari, kabla tovuti haijarekebishwa. Hilo ni kununua kufuli jipya na kulijaribu mbele ya mwizi! Neno jipya ndilo linaingia kwenye kapu lile lile linalochotwa, tena likiwa juu juu. Utaratibu sahihi ulikuwa: kwanza tovuti iweke toleo jipya la programu, pili ibadilishe ufunguo na cheti chake, kisha wewe ubadilishe neno la siri. Ndiyo maana tovuti kama Tumblr zilitangaza kwanza kuwa zimerekebisha, ndipo zikawaomba watu wabadilishe, tena sio pale tu bali kwengine kote pia.

Na kwa nini kwengine kote? Kwa sababu wanajua tabia yetu. Neno moja la siri tunalitumia kila mahali: baruapepe, Facebook, eCitizen, maombi ya mkopo wa HELB. Likivuja kwenye tovuti moja ndogo ya michezo, aliyelipata atalijaribu kwenye zote. Na akianza na baruapepe, umekwisha, maana ukisahau neno la siri popote pale, kiungo cha kuweka jipya hutumwa wapi? Baruapepe ndiyo mama wa funguo zote. Hiyo peke yake ipe neno lake lisilotumika pengine.

Yahoo wenyewe wametupa funzo lingine. Desemba 2016 walitangaza kuwa Agosti 2013 waliibiwa taarifa za akaunti bilioni moja, na Oktoba 2017 wakasema kumbe zilikuwa akaunti zote, bilioni tatu. Hiyo haikuwa Heartbleed, ulikuwa wizi mwingine. Lakini fikiria: aliyebadilisha neno lake Aprili 2014 kwa ajili ya Heartbleed alikuwa amelifanya neno lililoibiwa 2013 lisifae kitu kwenye akaunti ile, miaka zaidi ya miwili kabla hajaambiwa kama aliibiwa. Yule aliyesema "mimi nina nini" alibaki vile vile.

Usinielewe vibaya lakini, sisemi ubadilishe kila mwezi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa muongozo mwaka 2017 kuwa watu wasilazimishwe kubadilisha kwa kalenda, ila wabadilishe panapokuwa na dalili kuwa siri imetoka. Mtu akilazimishwa kila miezi mitatu anaandika Mombasa1, kisha Mombasa2, kisha Mombasa3. Mwizi naye anajua kuhesabu. Bora neno refu, la maneno manne matano yasiyohusiana, unaloweza kulikumbuka wewe peke yako. Na pale panapokubali uthibitisho wa hatua mbili, uwashe leo.

Tahadhari nyingine: habari za kasoro zikienea, matapeli nao huamka. Utapata ujumbe, "Akaunti yako iko hatarini, bonyeza hapa ubadilishe." Usibonyeze. Andika anwani ya tovuti mwenyewe, uingie, ubadilishe humo ndani. Na hakuna mfanyakazi yeyote wa kampuni ya simu anayehitaji namba yako ya siri ya M-Pesa, hata akijua majina yako matatu na ya babako.

Wazazi wangu, sasa nawageukia nyinyi. Shangazi yangu mmoja alitaka huduma ya serikali, akaenda kwa cyber mtaani kwetu. Kijana wa pale akamfungulia baruapepe, akamwekea na neno la siri, akaliandika kwenye daftari la dukani. Shangazi akaondoka na karatasi zake amefurahi. Neno likabaki daftarini, pamoja na ya mtaa mzima, juu ya meza, kila anayelipia fotokopi anaweza kulisoma. Simtuhumu kijana yule, alikuwa anasaidia. Lakini mwambieni mtoto wenu wa nyumbani aketi nanyi robo saa, mbadilishe. Na wewe mtoto unayeketi na mzazi, geuza uso anapoandika. Ile ni amana yake, sio yako kwa sababu tu wewe ndiye unayejua kubonyeza.

Baada ya mazungumzo mama mmoja aliuliza swali zuri: "Mwanangu, mimi kichwa hakishiki. Nikiandika kwenye karatasi ni makosa?" Wenzangu walicheka, lakini jibu ni hapana, si makosa. Aliye nchi ya mbali anayechota kwenye seva hawezi kusoma karatasi iliyo kabatini kwako. Kwa vijana ziko programu za bure za kuhifadhi maneno ya siri, kama Bitwarden na KeePass, zitumieni. Kwa mama, karatasi inatosha. Isiandikwe jina la tovuti kando ya neno, isikae ndani ya kava la simu, wala kwenye mkoba unaokwenda nao sokoni. Iweke pale pale unapoweka hati ya shamba na vyeti vya watoto. Na ya M-Pesa usiiandike kabisa, mama, hiyo ni tarakimu nne tu.