Duka, Daftari na Ujirani Mwema: Tuliyojifunza Katika Staji Yetu Baraka

Maneno ya wanafunzi wa mwaka wa sita, tawi la Komersiale, mbele ya familia zilizohama na viongozi wa kartie za Baraka



Sisi ni wanafunzi sita. Watatu kati yetu ni watoto wa hapa Baraka, wawili walitoka Lulenge, na mmoja alitoka milimani upande wa Minembwe. Hao watatu wa mwisho walifika hapa kwa sababu ya vita. Shule ilitutuma kufanya staji ya mwezi mmoja katika maduka matatu ya mji huu, wawili wawili, ili tuone namna duka linavyoendeshwa. Hatukuja kuwafundisha biashara, maana wengi wenu mliifanya kabla sisi hatujazaliwa. Tuna neno moja tu: katika mji uliopokea watu waliohama, duka linaloandika vizuri linasaidia amani, na duka lisiloandika linaweza kuleta ugomvi hata kama mwenye duka ni mtu mwema.

Tuanze na namna tulivyopata nafasi. Kila mwenye duka alituuliza swali lile lile: "Nani anakujua?" Kwa wenzetu wa Baraka jibu lilikuwa rahisi. Walitaja jina la baba, la mjomba, la mchungaji, na mlango ukafunguliwa. Kwa wenzetu waliohama jibu lilikuwa gumu. Wanaowajua wametawanyika: wengine wako Uvira, wengine Nyarugusu, wengine Burundi, wengine hawajulikani walipo. Duka moja liliwakataa mara mbili. Nafasi ilipatikana baada ya Bwana Prefe wa shule kuandika barua ya kuwadhamini, na kiongozi mmoja wa kartie kuweka sahihi yake chini. Hatumlaumu mwenye duka. Pesa iliyo ndani ya kese yake ni jasho lake, na mtu humkabidhi mali yake yule anayemjua.

Lakini tukumbuke, ndugu, mji huu ni wa nani. Vita vya mwaka 1996 vilipoanza, watu wengi wa Fizi walivuka ziwa mpaka Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huo huo. Oktoba 2005 HCR ilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi hapa Baraka. Mwaka 2015 kambi ya Lusenda ilifunguliwa kwa ajili ya ndugu zetu wa Burundi. Goma ilipochukuliwa na M23 Januari 2025, kisha Bukavu Februari 2025, familia nyingi zilisukumwa kuja kusini. Desemba 2025 vita vikafika Uvira, na watu wakahama tena. Basi wengi wenye duka leo waliwahi kusimama mbele ya duka la wengine, wakiulizwa nani anawajua. Ugeni ni nguo ambayo karibu kila mmoja wetu hapa amewahi kuivaa.

Sasa tuwaeleze kazi yenyewe. Wiki ya kwanza tulifanya inventeri. Tulihesabu kila kitu kilichomo dukani: chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya mawese, vitenge, betri, madaftari. Tuliandika kilichopo na kile ambacho daftari lilisema kinapaswa kuwepo. Tulijifunza kuweka mbele mali iliyofika kwanza na nyuma ile iliyofika mwisho, ili ya zamani isiharibike ikiwa imefichwa. Tulijifunza kuinua magunia ya chumvi juu ya mbao, kwa sababu karibu na ziwa unyevu unapanda kutoka chini.

Wiki ya pili tulijifunza namna bei inavyopatikana. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa maana bei ni chanzo cha maneno mengi kambini. Tuseme katoni ya sabuni yenye vipande 24 imenunuliwa kwa faranka 36,000. Mashua kutoka Kigoma, ushuru na wabebaji vinaongeza faranka 7,200. Jumla ni 43,200, yaani kila kipande kimefika dukani kwa faranka 1,800. Mwenye duka akikiuza 2,000, faida yake ni faranka 200 kwa kipande, na 4,800 kwa katoni nzima. Sasa watu wakichukua vipande vitatu kwa deni wasilipe, pesa itakayoingia ni 42,000. Mwenye duka ameuza katoni nzima na amepata hasara ya faranka 1,200.

Tena mali nyingi inanunuliwa kwa dola na kuuzwa kwa faranka. Dola ikipanda kabla mali haijakwisha, pesa iliyopatikana haitoshi kununua mali nyingine kama ile. Na dola yenyewe ikichanika kidogo pembeni, hakuna anayeipokea. Mteja anayeona bei imebadilika tangu juzi anafikiri: "Wameipandisha kwa sababu sisi ni wageni." Mara nyingine ni kweli, kuna wanaofanya hivyo, na ni dhambi. Lakini mara nyingi ni mashua, ushuru na dola. Tatizo ni kwamba mteja hana njia ya kujua.

Tuliona jambo hilo kwa macho yetu. Katika duka moja mama aliyehama alinunua unga wa muhogo. Jirani yake, mwenyeji, alinunua baada yake, na kopo lake lilijazwa mpaka likawa na kilima juu, wakati la kwanza lilikuwa limesawazishwa kwa mkono. Yule mama akasema kwa sauti kwamba kabila lake linaibiwa. Wengine wakajibu kwa maneno makali. Kwa muda mfupi watu walikuwa wengi mlangoni, na tuliogopa. Aliyeuza alisema hakuwa na nia mbaya. Yule wa pili ni rafiki wa nyumbani kwake, mkono wake ulifanya ulichozoea. Tunamwamini. Lakini mkono uliozoea rafiki unatosha kuwasha moto katika mji wenye vidonda.

Mwenye duka alikuwa mtu wa busara. Kesho yake alileta mizani na kuiweka juu ya meza, upande ambao mteja anaiona. Alitupatia chaki tuandike bei kwenye ubao mlangoni, kwa Kiswahili, kila asubuhi. Bei ikibadilika, tuliandika pia sababu yake: "Mashua imepanda," au "Dola imepanda." Watu walisimama kusoma, na asiyejua kusoma alisomewa na mwingine. Manung'uniko hayakwisha yote, lakini yalibadilika. Watu waliuliza kuhusu mashua na dola, hawakuuliza tena kuhusu kabila.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa daftari la madeni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika duka hilo deni lilitolewa kwa anayejulikana tu, na mara nyingi bila kuandikwa. Aliyehama hakupewa hata kipande kimoja cha sabuni. Tulipendekeza, na mwenye duka akakubali kujaribu, kwamba kila anayekopa awe na ukurasa wake: jina, kitu alichochukua, bei, siku ya kulipa, na sahihi au alama ya kidole. Mteja naye abaki na kikaratasi chenye maneno yale yale. Mtu aliyehama alianza na deni dogo, likidhaminiwa na kiongozi wa kikundi chake. Akilipa kwa siku aliyoahidi, kiasi kinaongezeka. Ukurasa ule ukawa unajibu lile swali la "Nani anakujua?" Mama mmoja alituambia kwamba ni karatasi ya kwanza iliyomsema vizuri tangu alipokimbia kijiji chake.

Wengi wenu mnajua hekima hii kutokana na vikundi vya AVEC. Pale sanduku lina kufuli tatu, na watu watatu tofauti wanashika funguo, na hesabu inasomwa mbele ya wote. Hakuna anayesema kwamba wanachama ni wezi. Kufuli tatu zinalinda urafiki wao, ili shaka isipate pa kuingia.

Kwa hiyo tuna maombi manne.

Kwa wenye maduka: andikeni bei mahali panapoonekana, pimeni mbele ya mteja, na mchukue wanafunzi wa staji bila kuangalia wametoka wapi. Barua ya shule na sahihi ya kiongozi ziwatoshe kama mwanzo.

Kwa viongozi: msione haya kuweka sahihi kwa kijana aliyehama. Lakini mumjue kwanza, mtembelee nyumbani kwao, ili sahihi yenu ibaki na uzito. Na ugomvi wa dukani ukifika kwenu, ombeni daftari kabla ya kuuliza kabila.

Kwa familia zilizohama: tunajua deni la chakula linachukuliwa kwa njaa, si kwa anasa. Hata hivyo, lipeni kidogo kidogo kwa siku mliyoahidi, na msipoweza, nendeni mseme kabla ya siku hiyo. Anayejificha anawafungia mlango wote watakaokuja nyuma yake.

Kwa wazazi wote: ruhusuni mabinti wafanye staji na wamama washike biashara. Tangu sheria ya jamaa ilipobadilishwa Julai 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufanya mkataba. Katika maduka tuliyokuwa, wamama ndio waliojua bei ya kila kitu kutoka hapa mpaka Uvira.

Sisi sita tulianza staji tukiwa makundi mawili yaliyokaa mbali darasani. Kuhesabu magunia pamoja kulitulazimisha kuaminiana: mmoja anahesabu, mwingine anaandika, na hesabu zikitofautiana tunarudia wote. Hatusemi kwamba duka litamaliza vita vya Fizi. Bunduki zina wakubwa wao, na hao hawaji kununua chumvi kwetu. Lakini siku bunduki zitakaponyamaza, tutabaki sisi kwa sisi, na kila asubuhi mtu atatuma mtoto dukani. Tungependa mtoto huyo, awe wa kabila lolote, apimiwe sawa na arudi nyumbani na chenji yake kamili.