Ufuta: Mbegu Ndogo Yenye Mafuta Mengi

Leo twapenda kusema nanyi habari za ufuta.

Wengi wenu mwaujua mlenda, uotao wenyewe shambani, nanyi mwauchuma na kuupika. Baadhi ya mimea tuiitayo mlenda ni ya ukoo mmoja na ufuta. Tazameni maua yake: yafanana, kama kengele ndogo, meupe au ya zambarau hafifu. Basi mmea huu si mgeni kwetu.

Tangu miaka ya 1930 vijana wengi wameacha majembe yao kwenda Geita kutafuta dhahabu. Hatuwalaumu, maana fedha yatakiwa. Lakini dhahabu hailiwi, na isipoonekana, kina mama ndio wabakio na chungu kitupu. Tena mtoto alaye mboga za majani pasipo mafuta hapati faida yote iliyomo. Punje ya ufuta karibu nusu yake ni mafuta.

Chagueni udongo wa kichanga, ule Wasukuma wauitao luseni. Msipande mbugani, kwa kuwa maji yakituama mizizi huoza. Mbegu ni ndogo sana. Zichanganyeni na mchanga mkavu, mzimwage katika mistari iliyoachana shubiri mbili, mzifukie kidogo tu. Miche ikisongamana ipunguzeni, mkapalilie mapema, maana ufuta mchanga hushindwa na magugu.

Baada ya miezi mitatu au minne majani huanza kupukutika, na vifuko vya chini hugeuka manjano. Hapo msikawie! Vikikauka shambani hupasuka vyenyewe, na mavuno humwagika chini. Kateni mashina, yafungeni matita, myasimamishe vichwa juu hata yakauke. Kisha yapindueni juu ya turubai, mkayapige polepole. Msipigie juu ya ardhi tupu, kwani ufuta wenye mchanga hautafuniki, wala haupati bei njema.

Kwa chakula, ukaangeni bila maji, mkautwange, mkautie katika mboga, hata mlenda wenyewe. Unaobaki uuzeni, mkiisha kuweka mbegu za mwaka ujao mahali pakavu.

Msimu ujao, kila nyumba na ianze na kipande kidogo tu. Atakayekwenda mgodini na aende. Lakini kwanza apande, ili aachao nyuma wasilale njaa.