Fikra Njema na Afya ya Mwili

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu letu wakati wa maadhimisho)



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya fikra njema na afya ya mwili. Sisi si matabibu. Elimu yetu ilikomea sekondari, na tangu hapo tumekaa nyuma ya meza ya duka tukiuza misumari, rangi na saruji. Tutakayosema ni yale tuliyoyasoma kwa uangalifu, na yale yaliyotufika nyumbani kwetu.

Kwamba fikra huugusa mwili si habari ngeni katika hekalu hili. Wengi wetu tumeisikia Gita tangu utotoni. Kumbukeni mwanzo wake: Arjuna, bingwa wa upinde, anawatazama jamaa na walimu wake wakiwa wamejipanga upande wa pili wa uwanja wa vita. Hakuna mshale uliomgusa bado. Hata hivyo kinywa kinamkauka, viungo vinalegea, ngozi inamwaka, na upinde unamponyoka mkononi. Mwili wake ulikuwa mzima. Kilichojeruhiwa ni moyo.

Wataalamu wa leo huieleza hali hiyo kwa lugha yao. Mtu akiingiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na sukari huongezeka katika damu. Kwa dakika chache hali hiyo humfaa anayekimbia hatari. Lakini hofu ikiwa ni ya deni lisilolipika, au ya ugomvi wa ndugu usiokwisha, mwili hukaa vitani mwezi baada ya mwezi, na kinga yake hudhoofika. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza, ambamo watu 394 wenye afya walitiwa puani matone yenye virusi vya mafua. Kadiri msongo wa mawazo wa mtu ulivyokuwa mkubwa, ndivyo alivyoelekea zaidi kuambukizwa na kuugua.

Basi utulivu wa moyo ni mali. Sala ya jioni, bhajan tunazoimba pamoja, jirani anayebisha hodi kutujulia hali: yote hayo humpunguzia mtu mzigo. Tungependa kuishia hapa, lakini hatuwezi, kwa sababu ya Motabhai.

Motabhai ndivyo tunavyomwita nyumbani kaka yetu mkubwa, ambaye tulifungua naye duka. Leo ameketi mstari wa mbele, na ametupa ruhusa tuyaseme haya. Miaka 12 iliyopita daktari alimpima akakuta shinikizo la damu 170 kwa 100, wakati kuanzia 140 kwa 90 tayari huhesabiwa kuwa juu. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Kaka yetu ni mtu mchangamfu. Alikuwa akisema kwamba ugonjwa humwingia anayeukaribisha. Baada ya miezi michache akavitupia vidonge katika mtoto wa meza, chini ya vitabu vya risiti. Sisi tulikiona kile kichupa. Hatukusema neno. Tena tulimsifu mbele ya wateja kwamba ni mtu asiyejua kuugua. Hilo ndilo kosa letu, na hatutalisahau.

Asubuhi moja, alipokuwa akifungua makufuli ya duka, ufunguo ulimponyoka, na mkono wake wa kulia haukuweza kuuokota. Kilikuwa kiharusi.

Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Halimuumi mtu, wala halimzuii kucheka. Kwa hiyo furaha yake haiwezi kuwa kipimo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulificha maradhi, kisha tukakuita kule kuficha fikra njema.

Baada ya hospitali yalifuata mazoezi ya viungo. Motabhai alitakiwa kukunja na kukunjua vidole mara nyingi kila siku. Akachoka, akakata tamaa, na kwa majuma matatu hakutaka kumwona mtu. Ndipo jirani yetu, fundi bomba, alipokuja baada ya swala ya alasiri na bakuli la skrubu na nati zilizochanganyika. Akamwambia, "Mzee, nichambulie hizi, mimi sina muda." Kesho yake akaleta bakuli jingine. Motabhai alijua fika kwamba ni hila, akacheka, akachambua. Mwanzoni alimaliza nati kumi kwa saa nzima. Mwaka ulipokwisha, aliweza kuandika jina lake tena, polepole. Siku hizi humeza vidonge vyake kila asubuhi pamoja na chai isiyo na sukari. Uchangamfu wake umerudi, na safari hii umepewa kazi.

Tusidanganyane pia kuhusu maradhi mazito. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa za wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo, na hawakuona kwamba hali njema ya moyo ilirefusha maisha yao. Kwa hiyo mgonjwa anapozidiwa, tusimwambie kwamba hakuwa na imani ya kutosha. Ni ukatili kumtwika mtu maradhi pamoja na lawama. Tumfariji, tumshike mkono, tumpeleke kwa daktari.

Krishna hakumwambia Arjuna atabasamu na kungoja. Alimfundisha mpaka akasimama na kuushika tena upinde wake. Nasi twaamini kwamba fikra njema ni ile inayomwinua mtu akatimize linalompasa: kupima, kumeza dawa, kutembea, kupunguza chumvi, samli na, mtuwie radhi wapishi wetu wa leo, jalebi.

Sisi wenye asili ya Bara Hindi twaelekea zaidi kupata kisukari na maradhi ya moyo, na mara nyingi hutupata tukiwa bado na umri wa kufanya kazi. Majirani zetu nao hawakusalimika. Karibu na mahali pa kuvulia viatu, kamati imeweka meza ya kupima shinikizo la damu na sukari. Huduma ni bure, kwa wa hekalu na kwa wa mtaa. Motabhai atakuwa wa kwanza katika foleni, na sisi wa pili. Tafadhali njooni mtufuate kabla ya chakula.