KODI TUMELIPA, NYUMBA ZITENGENEZWE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Nairobi)



Leo hatukuwaita kwa neno la mshahara. Twataka kusema juu ya mahali mfanya kazi anapolala. Mtu ametoka zamu amechoka, akifika nyumbani akuta maji ya paa yameingia kitandani. Nguvu za kesho atazipata wapi? Kwa hiyo mambo ya nyumba ni mambo ya chama, na mtu asituambie kwamba tumeingilia kazi isiyo yetu.

Wengi wetu twakaa, au tulizaliwa, katika nyumba zilizojengwa na baraza la mji: Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani, Bahati, Ofafa, Jericho. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Bahati na Ofafa katika miaka ya 1950. Husemwa kwamba nyumba hizi zimekuwa mbovu kwa sababu ni kuukuu. Sisi twasema hapana. Nyumba haifi kwa uzee, hufa kwa kuachwa.

Tazameni inavyokufa. Mfereji wa paa huanguka, na hakuna anayeurudisha. Mvua ikinyesha, maji yote humwagika mguuni pa ukuta. Udongo wetu wa Eastlands ni ule mweusi unaofura ukinywa maji, na wakati wa jua hunywea na kupasuka. Ukifura na kunywea hivyo miaka miwili mitatu, msingi huyumba na ukuta hupata ufa. Ufa huingiza maji, plasta huanguka, mbao za dirisha huoza. Hapo mwanzo ilitakiwa kazi ya fundi mmoja, ngazi na misumari. Sasa yatakiwa mawe, saruji na lori. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na mabomba ya maji machafu ni hivyo hivyo. Yalilazwa kwa ajili ya watu wachache. Leo kila uwanja umeongezwa vibanda vya mabati, na wote wanatumia bomba lile lile. Hapa tuseme kweli, ndugu: baadhi yetu ndio tuliojenga vibanda hivyo, wengine juu ya vifuniko vya mabomba, hata fundi akija hana pa kushika. Tukidai haki, na mikono yetu iwe safi.

Lakini kosa letu halifuti deni la mwenye nyumba. Katika mtaa mmoja tuliouzuru, mama mmoja alituonyesha daftari lake. Ameandika kila siku aliyokwenda ofisini kutoa habari za choo kilichoziba. Alikwenda mara saba, na mara zote saba aliambiwa fundi atakuja. Katika daftari lile lile mlikuwa na risiti zake za kodi, na hakuna mwezi uliokosekana.

Je, sheria yasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya nyumba ifaayo na usafi wa kadiri. Katiba hiyo yaweka mambo ya nyumba miongoni mwa kazi za kaunti. Na Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ni ya zamani sana, kifungu cha 117, yawapa wakubwa wa afya wajibu wa kuzuia na kuondoa hatari itokanayo na makao mabaya na msongamano. Angalieni neno hilo: kuzuia. Maana yake wasingoje mpaka nyumba ianguke.

Kazi hiyo ya kukagua nyumba si ngeni kwa vyama vya wafanya kazi. Tom Mboya, kabla hajajulikana duniani, alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi. Alipita mitaani akitazama mifereji na vyoo, na katika kazi hiyo ndipo alipowakusanya wafanya kazi wenzake wa baraza wakafanya chama mwaka 1953.

Twajua nini hutokea ukaguzi ukiishia kwenye rangi ya ukutani. Huruma, Aprili 2016, jumba la ghorofa sita lilianguka usiku wa mvua, na watu zaidi ya 45 walikufa. Lilikwisha tiwa alama kwamba libomolewe, lakini watu walikuwa bado wanalipa kodi ndani.

Sasa dawa tunayopewa ni kubomoa na kujenga upya. Pangani, nyumba za kaunti zilibomolewa, na wapangaji 48 wakapewa shilingi 600,000 kila mmoja wakapange kwingine wakingoja. Tena, kwa Sheria ya 2024, twakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Hatupingi nyumba mpya. Tunalouliza ni hili: huyo anayengoja, leo usiku analala wapi? Kubomoa mtaa mmoja hakuzibi paa la mtaa mwingine.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, sehemu ya kodi ya kila mtaa iwekwe kando kwa matengenezo ya mtaa huo, na hesabu yake ibandikwe ofisini. Pili, kila habari ya ubovu ipewe namba na siku ya kujibiwa. Tatu, mafundi waajiriwe kwa kazi ya kudumu, wapite kabla ya mvua za Machi na za Oktoba.

Makadirio ya fedha ya kaunti hupelekwa bungeni kwake kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria yataka wananchi wasikizwe. Basi kila tawi lichague watu watatu. Waende nyumba kwa nyumba, waandike: mfereji, paa, ufa, choo, na tarehe. Tutaingia katika kikao kile na daftari mkononi, kama yule mama. Mtu mmoja mwenye daftari huambiwa arudi kesho. Mitaa kumi yenye madaftari ni vigumu kuiambia hivyo.

Umoja ni nguvu.