Komamanga na Bei ya Sifa Zake



Nimeombwa nizungumze juu ya komamanga, na najua wapo miongoni mwenu wanaojiuliza kwa nini ofisi inayolinda haki za watumiaji ishughulike na tunda ambalo wengi wetu hulinunua mara moja moja tu, pengine mwezi wa Ramadhani au tunapokwenda kumtazama mgonjwa. Sababu ni kwamba siku hizi komamanga aghalabu haliuzwi kama tunda. Linauzwa kama dawa ya kuongeza damu, ya kushusha presha, ya tezi dume, ya nguvu za kiume, hata ya saratani. Tunda likiuzwa kama tunda, mnunuzi hulipigia hesabu ya tunda. Likiuzwa kama dawa, hulipa bei ya dawa, na wakati mwingine huiacha dawa yenyewe nyumbani ikikaa kabatini. Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu.

Ni haki nianze na wema wake, maana tunda halina kosa. Asili ya mkomamanga ni nchi zinazoanzia Iran hadi kaskazini mwa India, na ni miongoni mwa miti ya kwanza ya matunda kupandwa na binadamu. Kwetu pwani jina lenyewe linaonyesha njia uliyopitia: Manga ni jina la kale la pande za Uarabuni, kama tusemavyo pilipili manga, na hadi leo milima ya Jabal Akhdar nchini Omani inasifika kwa makomamanga yake. Wapo wanaoliita kudhumani. Vyovyote liitwavyo, ni tunda zuri. Gramu 100 za punje zake, yaani bakuli dogo, zina nishati ya kilokalori 83 hivi, sukari ya asili karibu gramu 14, nyuzinyuzi gramu 4, potasiamu zaidi ya miligramu 230, vitamini C miligramu 10, pamoja na kiasi cha folati na vitamini K. Nyuzinyuzi hizo kwa sehemu kubwa zimo katika mbegu iliyo ndani ya punje. Anayefyonza maji na kutema mbegu ametema sehemu nzuri ya alichokinunua.

Kinachowavutia zaidi wanasayansi ni kemikali za mimea ziitwazo polifenoli, ambazo komamanga limejaliwa kwa wingi. Katika maabara, juisi yake imeonyesha nguvu kubwa kuliko divai nyekundu na chai ya kijani katika kuzima chembechembe zinazoharibu seli. Habari hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayochapishwa kwenye matangazo. Isiyochapishwa ni kwamba chupa ya maabara si tumbo la mtu. Polifenoli kubwa za komamanga hazipenyi kuingia katika damu kama zilivyo. Hufika utumbo mpana, bakteria wakazigeuza kuwa vitu vingine, na bakteria hao hawalingani kwa watu wote. Watu wawili wanaweza kunywa gilasi ile ile, mmoja miili yake midogo ya utumboni ikafanya kazi hiyo na ya mwenzake isiifanye.

Je, kuna faida yoyote iliyothibitishwa kwa watu hai? Ipo dalili njema kuhusu presha. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2017 ulikusanya majaribio manane ya juisi ya komamanga na kukuta kwamba namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa vipimo vitano hivi. Si haba. Lakini mengi ya majaribio hayo yalikuwa na watu wachache na yalidumu kwa muda mfupi, na presha ni ugonjwa wa kuishi nao miaka mingi. Kwa sasa mtu anaweza kusema kwamba komamanga linafaa katika mlo wa mwenye presha. Hawezi kusema kwamba linachukua nafasi ya vidonge vyake, na anayewaambieni hivyo kwa sababu ana chupa za kuuza anacheza na maisha ya mtu.

Sasa nije kwenye damu, kwa sababu hapa ndipo naona madhara mengi zaidi. Tumezoea kuamini kwamba kitu chekundu huongeza damu: rozela, bitiruti, na sasa komamanga. Rangi ya komamanga haitokani na madini ya chuma. Inatokana na rangi za mimea za jamii ile ile iliyomo katika zambarau. Madini ya chuma katika gramu 100 za punje ni takriban miligramu 0.3 tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama mjamzito apate kati ya miligramu 30 na 60 za chuma kila siku kwa njia ya vidonge, pamoja na asidi ya foliki. Chukueni kalamu mpige hesabu: ili kufikia hizo 30 kwa komamanga peke yake, mama huyo angelazimika kula kilo 10 za punje kwa siku. Na kwa kuwa karibu nusu ya uzito wa tunda ni ganda na utando, ni kama kilo 20 za makomamanga sokoni. Hakuna tumbo la kubeba hayo, wala mkoba wa kuyalipia.

Mama aliyepewa vidonge kliniki, vikamletea kichefuchefu, akaambiwa na jirani mwema kwamba juisi nyekundu inatosha, yumo hatarini bila kujua, kwa kuwa upungufu wa damu hauonekani kwa macho mpaka umekwenda mbali, na siku ya kujifungua ndipo hudai deni lake. Vidonge vikimsumbua, arudi kliniki aseme. Yapo mambo ya kufanya, kama kubadili saa ya kuvimeza. Kwa upande wa chakula, fedha ya komamanga moja ikinunua dagaa na maharage, pamoja na pera au chungwa la kula palepale ili chuma hicho kisharabiwe vizuri, itamfaa zaidi. Na chai ya rangi isubiri, isinywewe pamoja na mlo.

Nimelitaja pera kwa makusudi. Wanaonunua komamanga kwa ajili ya vitamini C wajue kwamba gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini hiyo, na chungwa karibu 50, dhidi ya zile 10 za komamanga. Pera ni tunda lisilo na matangazo.

Kuhusu tezi dume, kuna kisa cha Marekani ambacho kila mtumiaji angefaidika kukijua. Kampuni ya POM Wonderful ya California ilitangaza kwamba juisi na vidonge vyake vya komamanga vinatibu, vinazuia au vinapunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, saratani ya tezi dume na upungufu wa nguvu za kiume. Haikuwa kampuni ya mfukoni: ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni 35 katika utafiti. Mwaka 2010 Tume ya Biashara ya Shirikisho, inayolinda watumiaji nchini humo, iliishtaki. Mwaka 2013 Tume ikaamua kwamba matangazo hayo yalipotosha, na Januari 2015 mahakama ya rufaa mjini Washington ikaunga mkono sehemu kubwa ya uamuzi huo. Utafiti ulikuwepo, ila haukuthibitisha yaliyotangazwa. Jaribio moja lililotegemewa sana, la mwaka 2006, liliwafuatilia wagonjwa wa saratani ya tezi dume waliokunywa juisi, bila kuwepo kundi la wagonjwa wasioinywa wa kulinganishwa nao. Lilipofanyika jaribio kubwa zaidi lenye kundi la kulinganisha, matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuonyesha tofauti ya maana.

Kwa hiyo mkiambiwa kwamba bidhaa fulani imefanyiwa utafiti, ulizeni swali moja: je, watu waligawanywa kwa kura katika makundi mawili, moja likapewa bidhaa na jingine lisipewe? Muuzaji akibabaika, mmepata jibu. Na mwanamume anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo anahitaji kupimwa hospitali, si chupa.

Tukitoka kwenye tiba, tuingie kwenye lebo. Kampuni ya Coca-Cola iliwahi kuuza Marekani, chini ya jina la Minute Maid, kinywaji ambacho lebo yake ilitanguliza komamanga na bluberi. Ndani yake komamanga lilikuwa asilimia 0.3 na bluberi asilimia 0.2, na zaidi ya asilimia 99 ilikuwa juisi ya tufaha na zabibu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu mshindani wake aendelee na kesi ya madai ya upotoshaji. Mahakama haikuamua kwamba lebo ilidanganya. Ilisema tu kwamba kufuata kanuni za lebo hakumkingi mtu asishtakiwe. Mshindani mwenyewe, kwa kinaya, alikuwa POM Wonderful.

Basi geuzeni chupa. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Mkikuta maji, sukari, kisha ladha na rangi, hicho ni kinywaji chenye ladha ya komamanga, na bei yake iwe ya soda. Hata juisi halisi ina jambo lake: katika kukamua, nyuzinyuzi karibu zote hubaki nje, na sukari huja yote. Gilasi ya mililita 250 ina sukari inayozidi gramu 30. Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi pamoja na ile tunayotia katika chai, na linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Mwenye kisukari na ale punje kwa kiasi, aiache juisi.

Wapo pia wanaopaswa kumwuliza daktari kwanza: wenye ugonjwa wa figo, kwa sababu ya potasiamu, na wanaotumia dawa za presha au za kuzuia damu isigande kama warfarini, iwapo wanakusudia kunywa juisi kila siku. Maganda ya mzizi wa mkomamanga, ambayo watu wa kale walichemsha ili kutoa tegu, yana sumu. Dawa salama za minyoo zipo; msimpe mtoto maji ya mzizi huo.

Mkienda sokoni, chagueni tunda zito kuliko ukubwa wake unavyoonyesha, lenye ganda gumu na ubavu uliobonyea kidogo, kwani punje zikijaa husukuma ganda likapoteza umviringo. Rangi isiwadanganye, maana yapo ya manjano yaliyo matamu kabisa. Komamanga haliivi baada ya kuchumwa, hivyo changa halitageuka tamu kwa kusubiri. Lioshwe kabla ya kukatwa. Punje zilizokwisha kutolewa na kufungwa katika vikopo zinunuliwe tu zikiwa zimehifadhiwa kwenye baridi, na kwa mtu anayejulikana usafi wake. Mwaka 2013 watu 165 nchini Marekani waliugua homa ya ini ya aina A kutokana na mchanganyiko wa matunda yaliyogandishwa, na chanzo kikaonekana kuwa punje za komamanga zilizotoka nje ya nchi.

Anayeuziwa komamanga kwa ahadi ya kuponya ugonjwa asitupe chupa. Aihifadhi pamoja na lebo yake, risiti na tangazo alilolisikia au kulisoma, hata kama ni ujumbe wa simu, aandike tarehe na mahali aliponunua, kisha atuletee vyote.