Mwani wa Kahawia na Mikorosho Yetu
(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi, Mkomaindo, Masasi)



Nimeombwa nizungumzie mwani. Najua wapo wanaoshangaa, kwa kuwa Masasi na Newala hatuna bahari. Ndugu mmoja ameniuliza mlangoni kama sikukosea mkutano. Sababu ni chupa. Madukani huuzwa maji meusi yaliyotengenezwa kwa mwani, ambayo wakulima huyaita busta, na makatibu wanaulizwa kama inafaa fedha za chama ziyanunue kwa ajili ya mikorosho. Wengine wanauliza: kwa nini tununue chupa, ilhali mwani umejaa Mtwara? Maswali yote mawili ni ya haki, maana fedha hizo ni jasho la wanachama.

Kwanza tuujue mmea wenyewe. Mwani ambao akina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, walianza kuulima kwa biashara mwaka 1989 si huu. Ule ni wa jamii ya mwani mwekundu. Mbegu yake ililetwa kutoka Ufilipino, nao hufungwa kwenye kamba. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa waliotangulia kuufungulia njia kwa utafiti. Mwani wa kahawia hakuna aliyeupanda. Huota wenyewe kwenye miamba na matumbawe ya maji mafupi, na bahari ikipwa huonekana umelala juu ya mawe. Uko wenye vijani vyembamba na vifuko vidogo vya hewa vinavyouelea­sha, ambao wataalamu huuita Sargassum. Na uko mgumu wenye vijani mfano wa tarumbeta ndogo, uitwao Turbinaria. Hauna mizizi. Kile kinachoonekana kama mzizi ni kishikizo cha kung'ang'ania jiwe tu. Chakula chake huufyonza kwa mwili mzima kutoka katika maji ya bahari. Ndiyo maana una potasiamu kwa wingi, na ndiyo maana una chumvi pia.

Mwani huu una kitu kingine, utelezi mzito kama uji, uitwao alginati. Viwanda vya nguo huutumia kuzitia uzito rangi za kupigia chapa vitambaa vya pamba ili zisitapakae. Basi huenda baadhi yetu humu tumevaa nguo zilizopitiwa na mwani bila kujua.

Lakini mwani wa kwenye chupa kwa kawaida si wa Mtwara. Mwingi ni wa bahari za baridi: Ecklonia maxima wa pwani ya magharibi ya Afrika Kusini, au Ascophyllum wa Norway, Ireland na Kanada. Bahari yetu ni ya vuguvugu mno kwao. Ndugu yao wa karibu, Ecklonia radiata, hupatikana Dhofar, kusini mwa Oman, kwa sababu wakati wa kusi maji baridi hupanda huko kutoka kilindini.

Sasa, je, maji hayo yanafaa? Yana chembe za vichocheo vya ukuaji, na kwa baadhi ya mazao yamesaidia. Lakini naitrojeni na fosforasi iliyomo, baada ya kuzimuliwa kama maelekezo yasemavyo, ni kidogo mno. Hayawezi kushika nafasi ya mbolea. Wala si dawa ya ubwiriunga. Mwanachama atakayeacha kupuliza salfa kwa kutegemea busta atauona mkorosho wake ukikausha maua, na deni la chupa litabaki palepale.

Na kuuzoa mwani wenyewe? Wakulima wa visiwa vya Scotland na Ireland waliutandaza kwenye mashamba yao kwa karne nyingi, lakini wao waliishi ufukoni na mvua yao haikatiki. Sisi tuko mbali. Kilo 100 za mwani mbichi zikikauka hubaki kilo 10 hadi 20. Maana yake lori litakuwa limepandisha maji ya chumvi milimani. Kisha chumvi hiyo lazima ioshwe. Nani katika uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji hutafutwa kwa taabu, ataosha mwani? Tena, kuung'oa kwenye miamba ni kuwaondolea samaki wadogo maficho, na samaki mkavu tumlaye hapa hutoka huko huko. Isitoshe, sehemu ya pwani hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mtu hachukui atakavyo.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, muuzaji akija na chupa, mwombeni uthibitisho wa usajili wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea kabla ya kuzungumza bei. Wanachama wakitaka kujaribu, mmoja achague mikorosho 20 ya umri mmoja katika shamba moja. Yote ipulizwe salfa kama kawaida. 10 iongezewe busta, 10 isiongezewe. Korosho za kila kundi zipimwe mbalimbali kwenye mizani ya chama, na uzito uandikwe pamoja na bei ya chupa. Wataalamu wa Naliendele waombwe waitazame hesabu hiyo kabla haijafika mkutano mkuu. Daftari lifunguliwe mapema, kwani mwezi Juni maua yanaanza.