CHENSOO KUBWA: TUNUNUE AU TUKODI?

(Mada iliyotolewa na Kamati ya Miti na Mbao siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha siku ya leo. Miaka kumi siyo mchezo. Tulianza na sanduku lenye makufuli matatu, na wapo waliosema litafunguliwa mwaka wa kwanza na halitafungwa tena. Leo sanduku lipo, funguo zipo, na wenye funguo wapo. Haba na haba hujaza kibaba, na sasa kibaba kimejaa kiasi kwamba tumeanza kuulizana tukifanyie nini. Ndiyo maana tumepewa dakika hizi.

Mnakumbuka katika mkutano mkuu uliopita baadhi yetu walitoa hoja kwamba sehemu ya mfuko inunue chensoo kubwa, ile ya daraja la juu kabisa, iwe mali ya kikundi. Mkutano ukaitaka Kamati yetu ilichunguze jambo hili kisha ilete maelezo. Hatukuja leo kumnyamazisha mtu. Tumekuja kuweka hesabu mezani, mwamuzi ni mkutano mkuu.

Hoja za wanaotaka inunuliwe

Tuanze na haki ya wenye hoja, maana hoja zao ni za kweli. Hapa kwetu Mufindi, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Njombe, Makete na Kilolo, mti ndiyo benki ya mkulima. Karibu kila mmoja wetu ana shamba la misindano, au milingoti iliyopandwa na wazee mipakani. Siku ya kuvuna tunamtegemea kijana mwenye chensoo, naye huja anapotaka yeye. Leo anasema kesho, kesho anasema mnyororo umekatika. Mnunuzi amekwisha kuleta lori, mama umesimama shambani huna la kufanya. Wenye hoja wanasema: tukiwa na yetu, tutavuna kwa wakati wetu na wengine watatukodi. Tena wanaongeza kwamba ile milingoti ya wazee ni minene mno, chensoo ndogo inahangaika.

Haya yote tunakubali. Swali letu ni moja tu: je, dawa ya ugonjwa huu ni mashine kubwa?

Tunazungumzia mashine gani?

Tufahamiane kwanza, maana neno "kubwa" kila mtu analipima kwa jicho lake. Zilipoanza kutengenezwa, chensoo zote zilikuwa kubwa. Mashine za mwanzo za Andreas Stihl kule Ujerumani, miaka ya 1920, zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 40 na zilishikwa na watu wawili. Siku hizi mtu mmoja anaishika, lakini daraja zinatofautiana sana.

Ya daraja la juu, mfano STIHL MS 881, ina injini ya sentimita za ujazo 121.6 na nguvu ya kilowati 6.4, karibu nguvu za farasi 8.7. Bila mafuta, bila mnyororo na bila baa (lile bapa la chuma linalobeba mnyororo), ina uzito wa kilo 9.9. Husqvarna 3120 XP ni ya kundi hilo hilo: sentimita za ujazo karibu 119 na kilo 10.4. Weka baa ndefu, weka mnyororo, jaza matangi, unapata mzigo unaozidi ndoo ya maji ya lita 10, na mzigo huo unatetemeka na kunguruma mikononi siku nzima.

Sasa linganisha na ya daraja la kati inayotumiwa na vijana wengi, mfano STIHL MS 381. Hiyo ina sentimita za ujazo 72.2, kilowati 3.9 na kilo 6.6. Nguvu ni pungufu, ndiyo, lakini kazi ya kuangusha na kukata magogo inaifanya asubuhi mpaka jioni.

Lile dume limetengenezwa kwa kazi mbili hasa. Ya kwanza ni kukata magogo yenye unene wa mita moja na zaidi. Ya pili ni kupasua mbao shambani kwa kufunga baa kwenye fremu, mahali ambapo gari wala mashine ya kupasulia haifiki. Mwenye kazi hizo kila wiki, mashine hii ni haki yake. Sisi je?

Tupime miti yetu, siyo mashine

Msindano wa shamba la mkulima unaovunwa ukiwa na miaka kumi au kumi na miwili mara nyingi haufiki hata sentimita 30 za unene. Kwa mti huo, chensoo ya daraja la kati ni kubwa ya kutosha na inabaki.

Ile milingoti ya wazee nayo tusiiogope kupita kiasi. Fundi anayejua kazi hakati mti kwa upande mmoja tu. Anaingia upande huu, kisha anazunguka upande wa pili, kwa hiyo baa ya sentimita 50 inaweza kukata gogo la sentimita 80 au 90. Lililo nene kuliko hapo ndilo linaloita dume. Hebu kila mmoja ahesabu kimoyomoyo: shambani kwako ipo mingapi ya namna hiyo? Wengi wetu tutahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Habari ya kupasua mbao

Wapo wanaosema tutapasua wenyewe, tusiuze miti imesimama. Wazo ni zuri, lakini tusikilizane kuhusu unga wa mbao. Mnyororo mnene wa chensoo kubwa unakula karibu milimita 10 kila unapopita. Msumeno wa mkanda unakula milimita 2 au 3 tu.

Chukua gogo la sentimita 30. Ukiondoa mabanzi pande nne, unabaki na kipande cha mraba cha sentimita 21. Unataka mbao za inchi moja, yaani milimita 25. Kwa chensoo utapata mbao 6. Kwa msumeno wa mkanda utapata 7. Mbao moja katika kila saba imekwisha kuwa unga, na unga haulipi ada ya shule. Gogo likiwa la mita nzima na lipo bondeni pasipo njia, hapo hesabu inageuka, maana bora upoteze unga kuliko kupoteza gogo zima. Lakini kwa msindano wetu mwembamba, kupasua kwa chensoo kubwa ni kuupunja mti uliousubiri miaka mingi. Hata zile dingdong zinazozunguka vijijini kwetu, ambazo nazo zinalaumiwa kwa kula mbao, angalau zinakuja na wenyewe na kuondoka na matengenezo yao.

Gharama zinazojificha

Bei ya dukani ni mlango tu, nyumba yenyewe iko ndani. Injini hii inakunywa petroli iliyochanganywa na oili maalumu. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita 5 za petroli zinataka mililita 100 za oili. Ukikosea kipimo, injini inaungua. Tangi lake la lita 1.3 halifikishi saa moja kwenye kazi nzito. Mnyororo nao una oili yake, una tupa yake ya kunolea, na ukigusa mchanga au msumari mara moja unakuwa butu. Kuna plagi, filta ya hewa, baa inayolika, na vipuri vya mashine kubwa havipatikani kila duka. Tena kuna mashine za kuigwa zenye rangi na maandishi yanayofanana na ya kweli, na mnunuzi mgeni hutofautisha kwa shida.

Tufanye hesabu ya kujifunzia. Namba hizi siyo bei za duka, ni za mfano. Tuseme mashine na vifaa vyake ni shilingi 6,000,000/=. Kukodi mashine pamoja na fundi ni 100,000/= kwa siku. Tukiwa na yetu, petroli, oili, kunoa na ujira wa fundi ni 60,000/= kwa siku. Kila siku ya kazi tunaokoa 40,000/=. Ili fedha yetu irudi tunahitaji siku 150 za kazi, bila kuharibika hata mara moja. Kama miti yetu minene inatupa siku 15 kwa mwaka, hiyo ni miaka kumi. Ndiyo umri wote wa kikundi hiki tunaousherehekea leo! Na miaka hiyo yote zile milioni sita hazitakuwa sandukuni, hazitakopesheka, hazitazaa faida ya mgao.

Nani ataishika?

Jamani, hapa tuseme wazi. Atakayeishika ni kijana wetu, mtoto wa mmoja wetu aliyeketi hapa. Ncha ya baa ikigusa kitu kwa sehemu yake ya juu, mashine inaruka kumrudia mshikaji kwa nguvu, haraka kuliko mtu anavyoweza kukwepa. Kadiri injini ilivyo kubwa ndivyo kishindo kilivyo kikubwa. Kelele yake inaumiza masikio, na mtetemo wa miaka mingi unaua vidole ganzi. Kijana huyo anataka kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, suruali maalumu, buti, na zaidi ya yote mafunzo. Wengine wasimkaribie mti kwa umbali wa urefu wake mara mbili. Kikundi kikinunua mashine bila vitu hivi, siku mguu utakapokatwa deni litakuwa la kwetu sote, na halilipiki kwa hisa.

Tena itakaa nyumba ya nani? Nani ataiandika inapotoka na kurudi? Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Isitoshe, chensoo siyo jembe. Ina masharti yake ya serikali. Misitu ina sheria yake, Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, na mbao haziendi barabarani bila hati ya kusafirishia. Mashine ya kikundi ikikutwa msituni usiku inakata mti usio na kibali, litakaloandikwa ni jina la kikundi.

Jambo lililotugusa zaidi

Akina mama wenzetu, katika mazungumzo yote haya liko moja lililotufanya tunyamaze kidogo. Kwa nini watu wanakata misindano michanga? Siyo kwa ujinga. Ni ada, ni ugonjwa, ni msiba. Shida ikibisha hodi usiku, asubuhi mti unaanguka. Lakini mti ukitoka sentimita 20 ukafika 30, hata kama urefu haukuongezeka, mbao zilizomo ndani yake zimekuwa zaidi ya mara mbili. Anayeukata mapema anauza nusu na kuitupa nusu.

Sanduku letu ndilo limekuwa ukuta kati ya shida na mti. Mama mwenye mkopo wa ada hakati shamba lake, anasubiri. Sasa tukichukua fedha za sanduku tukanunua mashine, tutakuwa tumeubomoa ukuta huo kwa mkono wetu. Na mashine yenyewe itadai kazi ili irudishe fedha yake, nayo kazi yake ni kukata. Tutajikuta tunaivunia mashine, siyo familia zetu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Mapendekezo ya Kamati

Kwa hayo, Kamati inapendekeza yafuatayo:

1. Chensoo kubwa isinunuliwe kwa sasa. Wenye miti minene waandikishe majina, miti ivunwe kwa msimu mmoja, na kikundi kikodi mashine pamoja na fundi wake kwa bei ya jumla. Fundi akiona kazi ya siku kadhaa mfululizo, hatatuambia kesho.

2. Liwekwe daftari la siku. Kwa miezi 12 kila mwanachama aandike siku alizohitaji chensoo, unene wa mti na fedha aliyolipa. Daftari likionyesha kazi ya kutosha, Kamati itarudi hapa yenyewe kuomba mashine inunuliwe, na itaanza na ya daraja la kati.

3. Vijana wawili watafutiwe mafunzo na vifaa vya kinga kabla ya mashine yoyote kununuliwa. Ujuzi utangulie chuma.

4. Sehemu ya fedha iliyokuwa inunue mashine iwe mkopo wa dharura kwa wenye miti michanga, ili isikatwe kabla ya wakati.

Wenzetu wenye hoja ya kununua, hatujawashinda. Mmetufundisha kupima. Kama hesabu zetu zina kasoro, leteni zenu kwenye mkutano mkuu, tuzisome pamoja kama tulivyozoea, kwa sauti, mbele ya sanduku, mwenye kujua kusoma akimsomea asiyejua.

Akina mama, oyee! Kikundi chetu kidumu.